Mto Uliopasua Benki: Kufundisha Kusoma Kiingereza kwa Habari za Mafuriko na Maporomoko



Wakati wa masika yaliyopita nilimpa kijana mmoja wa kidato cha kwanza kifungu kifupi cha Kiingereza awasomee wenzake katika ukumbi wa kigango. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, hata ikambidi apaze sauti. Alisoma vizuri. Hakukwama popote, na kwa usomaji ule angeweza kusimama mimbarini siku ya Dominika bila wasiwasi. Sentensi ya tatu ilisema: "The river burst its banks at night." Alipomaliza nikamwomba atueleze kwa Kiswahili kilichotokea. Akasema, "Padre, mto ulipasua benki zake usiku." Nikamwuliza, benki zipi? Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba huenda ni zile za mjini, kwa kuwa huku kwetu hakuna benki. Hakuna aliyecheka. Wenzake wote walikuwa wameelewa hivyo hivyo.

Kijana huyu anaishi ng'ambo ya mto Mzinga. Juma lile lile alikuwa amekosa shule siku mbili kwa sababu mto ulikuwa umevuka kingo zake na kuingia mashambani. Anajua kufurika kwa mto kwa macho na kwa miguu yake, tena anajua saa ya kuvuka na saa ya kungoja, jambo ambalo waandishi wengi wa vitabu vya shule hawalijui. Ujuzi ulikuwamo kichwani mwake, na maneno yalikuwapo karatasini. Kilichokosekana ni daraja la kuviunganisha viwili hivyo. Katika makala hii napenda kueleza jinsi tunavyojaribu kulijenga daraja hilo katika darasa letu la Jumamosi, kwa kutumia vifungu vinavyohusu majanga ya asili, yaani mafuriko, maporomoko ya ardhi, vimbunga na matetemeko.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote, na Kiingereza amekipata kama somo moja kati ya masomo mengine. Anapoingia kidato cha kwanza, jiografia, baiolojia, historia na hesabu humjia zote kwa Kiingereza, kana kwamba wakati wa likizo amehamia nchi nyingine. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo yao. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo hilo. Mjadala wa lugha ipi itumike kufundishia nauacha kwa wenye dhamana nao, ingawa maoni ninayo. Mtoto aliyeko darasani leo hawezi kusubiri mjadala uishe. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne utamwekea mbele kifungu cha Kiingereza cha ufahamu na kumtaka akielewe na kukifupisha, na maswali ya masomo mengine nayo atayasoma kwa lugha hiyo hiyo.

Kabla ya kueleza njia yetu, yafaa tukubaliane kwanza juu ya maana ya kusoma. Katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume tunamkuta towashi wa Kushi akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Anasoma kwa sauti, maana Filipo anapolikaribia gari anamsikia. Hata hivyo Filipo hamsifu kwa matamshi yake. Anamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, na yule mtu, aliyekuwa msimamizi wa hazina yote ya malkia wake, anakiri bila haya kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Swali la Filipo ndilo ambalo mara nyingi hatuwaulizi watoto wetu. Tunawasikiliza wakisoma kwa sauti, tunaridhika, tunageuza ukurasa.

Kwa nini basi majanga? Wako walioniuliza kwa nini nisiwape watoto habari za kufurahisha, za sungura na fisi au za safari ya mbugani. Ziko, nazo tunazisoma. Lakini habari ya janga ina mfumo ulio wazi kuliko habari nyingi. Kuna hali ya kabla, kuna tukio, kuna yaliyofuata. Kuna chanzo na kuna matokeo. Kuna mahali, tarehe na idadi. Msomaji anayejifunza huwa na pa kushika. Tena msamiati wake hurudi kwingine: maneno aliyoyapata mtoto katika kifungu cha mafuriko atakutana nayo katika jiografia, katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na katika magazeti. Na zaidi ya yote, sisi tuishio chini ya milima ya Uluguru hatuhitaji kuagiza habari hizo kutoka mbali.

Mfano wetu wa kwanza unatoka Mgeta. Tarehe 23 Februari 1970, mvua kubwa sana ilinyesha katika bonde la Mgeta, upande wa magharibi wa milima yetu. Katika muda usiofika saa tatu zilinyesha zaidi ya milimita 100, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya elfu moja. Wanajiografia wawili, Paul Temple na Anders Rapp, waliyachunguza maporomoko yale na kuandika utafiti wao kwa Kiingereza mwaka 1972. Ni andiko linalosomwa na wataalamu wa udongo duniani kote. Ninasikitika kusema kwamba nilisikia habari zake kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mbali na nyumbani, wakati wazee wa Mgeta walikuwa nayo vifuani mwao miaka yote. Kutokana na utafiti huo nilitunga kifungu cha sentensi nne tu:

"On 23 February 1970 a violent storm struck the Mgeta valley. More than 100 millimetres of rain fell in less than three hours. Over a thousand landslides were triggered by the storm. Very few of them began in the forest."

Sentensi nne hizi hutuchukua Jumamosi nzima, na mara nyingine mbili. Nieleze kinachofanyika.

Kabla ya kugusa karatasi tunazungumza kwa Kiswahili. Nawauliza: nani ameona ardhi ikiporomoka? Ilianzia wapi, juu au chini ya njia? Mvua ilikuwa imenyesha kwa muda gani? Udongo ulikuwa wa namna gani? Hapo hata mtoto asiyefungua kinywa darasani husema, kwa sababu ameona. Anaeleza kwamba kwanza ulitokea ufa, kwamba maji ya chemchemi yalibadilika rangi, kwamba mgomba ulisogea ukiwa bado umesimama. Maneno hayo nayaandika ubaoni kwa Kiswahili, na baada ya hapo tunatafuta wenzake wa Kiingereza. Neno "landslide" linapokuja, linakuta kiti chake kimeshaandaliwa.

Najua wapo walimu watakaokunja uso hapa. Katika shule nyingi lugha ya mama wa watu wetu, na hata Kiswahili chenyewe, hukatazwa darasani na uwanjani. Mimi mwenyewe, katika shule moja niliyosoma, niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuomba chumvi kwa Kiswahili. Sikujifunza neno la Kiingereza la chumvi siku ile, nilijifunza kunyamaza. Kinyume chake, kitabu cha Nehemia, sura ya 8, chatueleza jinsi Ezra alivyoisoma Torati mbele ya watu wote tangu alfajiri hadi adhuhuri, na Walawi wakawafafanulia watu maana yake hata wakaelewa, na kuelewa huko kuliwatoa machozi. Kufafanua kwa lugha inayoeleweka si kudanganya katika mtihani. Ni sehemu ya kusoma.

Baada ya mazungumzo ndipo tunasoma, na hatusomi kwa sauti. Usomaji wa kwanza ni wa kimya na wa haraka, wa kupata jambo moja tu: habari hii inahusu nini? Nawapa nusu dakika. Wa pili ni wa kupekua: nataka tarehe, mahali na namba, basi. Macho yapite juu ya maneno kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya wabatizwa ukutani. Hasomi majina yote. Watoto wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kusoma kuna mwendo zaidi ya mmoja. Wamezoea kuanzia neno la kwanza, na wakikutana na neno gumu wanasimama hapo kama gari lililokwama kwenye tope, wasijue kwamba wanaweza kulizunguka na kulirudia.

Kisha tunafika penye kazi yenyewe. Sentensi ya tatu ya kifungu chetu inasema kwamba "over a thousand landslides were triggered by the storm." Nauliza: kipi kilisababisha kipi? Mara ya kwanza nilipouliza, zaidi ya nusu ya darasa walijibu kwamba maporomoko ndiyo yaliyoleta dhoruba. Nilidhani hawajui maana ya "triggered." Sivyo. Walikuwa wakifuata mpangilio wa maneno: kilichotajwa kwanza ndicho kilichotenda. Hawakuwa wameziona zile alama mbili ndogo, "were" na "by," zinazogeuza sentensi nzima. Ni kosa dogo la sarufi, lakini tazama uzito wake. Mwanafunzi anayeigeuza sentensi ya namna hii katika jiografia ataandika jibu lililo kinyume kabisa cha ukweli, na mwalimu atasema hajasoma, kumbe amesoma usiku kucha.

Dawa yake imo katika Kiswahili chetu. Mtoto anajua, pasipo kufundishwa na mtu, tofauti kati ya "dhoruba ilisababisha" na "maporomoko yalisababishwa na dhoruba." Sikio lake hulikamata lile "-wa" mara moja; hajawahi kuchanganya "amepiga" na "amepigwa," hasa aliyepigwa akiwa yeye. Basi tunaandika sentensi mbili za Kiswahili, tunapigia mstari "-wa" na "na," kisha tunashuka kwenye Kiingereza kutafuta ni wapi kazi hiyo hiyo inafanyika. Wakishaona kwamba "were triggered by" ni "-wa" na "na" za Kiingereza, nawapa sentensi tano nyingine: nyumba zilizobomolewa, barabara iliyokatwa, familia zilizohamishwa. Siku hiyo hatufanyi kitu kingine. Ningependa walimu wenzangu wa Kiingereza waniambie kama nao wameliona jambo hili, kwa maana naamini linawaangusha watoto wengi kuliko msamiati.

Jambo la pili ni viunganishi. Kiingereza hupenda kuanza sentensi kwa "although," na msomaji mchanga hulipita neno hilo kama kokoto la njiani. Niliandika: "Although a warning was given, few families moved." Nikauliza kama familia zilihama. Jibu: ndiyo, zilihama kwa sababu walionywa. Walichanganya akili njema na maandishi; walisema jambo ambalo lingepaswa kutokea. Na hapa "few" nalo lina mtego wake, kwa sababu wengi hulisoma kama "a few." Herufi moja ya "a" inaamua kama watu wachache walinusurika au kama karibu wote walibaki majumbani mwao.

Kuhusu namba, nilikuja kugundua kwamba milimita 100 hazimwambii mtoto chochote. Zinaonekana chache, hazifiki nusu ya rula yake. Basi tukapiga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 100 ni lita 100, yaani ndoo tano za lita ishirini zimemwagwa juu ya kila mita ya mraba ya mlima, kabla saa tatu hazijatimia. Tulichora mraba wa mita moja sakafuni na kuweka ndoo tano juu yake, tupu. Kulikuwa kimya ukumbini. Sentensi ya pili ya kifungu haikuhitaji maelezo tena.

Maneno yenye sura mbili yana orodha yake ukutani kwetu, na "bank" ndilo linaloongoza, kwa heshima ya yule kijana. "Relief" linafuata: katika kitabu cha jiografia ni sura ya nchi, milima na mabonde, katika habari ya mafuriko ni misaada kwa waathirika, mdomoni mwa mgonjwa ni nafuu. Na iko ile lugha ya magazeti isemayo kwamba mafuriko "claimed" maisha ya watu, ambayo mtoto mmoja aliifasiri kuwa mafuriko yalidai. Nilimwambia kwamba hakukosea sana.

Kila kifungu kina faida yake. Cha Kilosa, kuhusu mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukawaacha maelfu bila makazi na kuiharibu reli ya kati, ni kizuri kwa kufundisha mfuatano wa matukio. Cha Kagera, kuhusu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lenye ukubwa wa 5.9, huwagusa wanafunzi kwa kuwa shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Kwa minyororo mirefu ya sababu na matokeo sijapata kifungu bora kuliko kile cha kimbunga cha Aprili 1872. Kilibomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, iliyokuwa imeanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu miaka minne tu kabla yake, na kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba haikupata hasara kama hiyo, na katika miaka iliyofuata ikaipita Unguja kwa karafuu. Misheni ilijengwa upya, na kutoka huko wamisionari wakapanda kuelekea bara, wakafika Mhonda mwaka 1877, na baadaye Morogoro. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiingereza jinsi upepo wa mwaka mmoja ulivyoihamisha biashara kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, huyo anasoma.

Kifungu cha Hanang ndicho nilichokiogopa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Tulikisoma miezi kadhaa baadaye. Tulipofika mwisho binti mmoja akauliza, kwa Kiswahili, "Padre, kwani hao watu walimkosea nini Mungu?"

Swali hilo lilistahili jibu la padre, lakini lilistahili pia jibu la mwalimu wa kusoma. Kama mwalimu nilimwuliza: ni sentensi ipi katika kifungu inayosema kwamba walikosea? Akatafuta, akasema haipo. Basi wazo hilo limetoka wapi? Akasema, limetoka kwa watu. Kutofautisha kilichoandikwa na kile ambacho sisi tumekileta ni sehemu ngumu kuliko zote katika ufahamu, na watu wazima tunashindwa nayo kila siku, hata tunaposoma Maandiko Matakatifu. Kama padre nilifungua Luka, sura ya 13. Yesu anazungumza juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Wasikilizaji wake walidhani marehemu hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, naye akakana waziwazi. Kisha akawageuzia wao wenyewe wito wa toba. Ayubu naye aliposwa fundisho hilo na rafiki zake watatu, akalikataa, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wale rafiki, siyo Ayubu.

Hapa pana hatari ambayo sina budi kuitaja. Darasani huwamo mtoto aliyepoteza mtu. Siku moja nilikuwa nikieleza neno "swept away" kwa mikono yangu yote miwili, kwa furaha ya ufundishaji, na mtoto mmoja akatoka nje. Sikujua kwamba mdogo wake alichukuliwa na mto. Nilipaswa kujua, ni mtoto wa kigango changu. Tangu siku hiyo nauliza kwanza, kwa wazazi na kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na kila kifungu kina mwenzake wa akiba, ili anayehitaji akisome hicho bila kuulizwa maswali. Tena hatusomi vifungu vya mafuriko wakati mto umejaa. Wakati huo tunahama, hatusomi.

Lakini kuna siku kusoma kwenyewe huwa ni kuhama. Desemba 2004, msichana wa Kiingereza wa miaka kumi, Tilly Smith, alikuwa na wazazi wake katika ufuko mmoja huko Phuket, Thailand. Aliona bahari ikitoa povu na maji yakifanya mambo yasiyo ya kawaida. Majuma mawili tu kabla ya hapo mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha darasani juu ya tsunami. Akawasisitizia wazazi wake, wakamsikiliza, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufukweni kabla mawimbi hayajafika. Tsunami ile iliua watu hata katika pwani yetu ya Tanzania. Watoto wetu walipoisoma habari hii hawakushangazwa na ujasiri wa Tilly kama walivyoshangazwa na wazazi kumsikiliza mtoto. Jambo hilo nawaachia wazazi mlitafakari nyumbani.

Narudi Mgeta, kwa maana sentensi ya nne bado. "Very few of them began in the forest." Temple na Rapp waliona kwamba maporomoko yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika hata moja katika mia; karibu yote yalianzia mashambani na katika nyasi. Swali la ufahamu ni: mwandishi anataka tuhitimishe nini? Wanafunzi wanajibu haraka kwamba miti hushika udongo, nao wako sahihi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, na mahali pa kuona vilio hivyo vikiwa kimoja ni hapa, ambapo udongo wa mkulima wa mlimani unaishia katika mto Mzinga na kutoka hapo katika bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unalitegemea kwa maji.

Lakini siwaruhusu waishie hapo. Nawauliza pia: kifungu hakisemi nini? Hakisemi kwa nini watu walilima miteremko ile. Hakisemi kwamba miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, kwa mpango ulioitwa wa matumizi bora ya ardhi, wala kwamba mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa na ghasia zikatokea. Msomaji mzuri hulielewa lililoandikwa, kisha huuliza nani aliandika, na nani hakuulizwa. Kijana mmoja alisema kwa Kiingereza chake, akisitasita, kwamba msitu hauli chakula lakini watu wanakula. Tulibishana juu ya hilo mpaka kengele ya sala ya jioni, kwa lugha zote mbili, na sikuona haja ya kumkatiza mtu.

Darasa hili halina fedha wala vitabu vingi. Lina ubao, chaki, karatasi zilizochapwa katika ofisi ya parokia, na vijana wawili wa kidato cha sita wanaonisaidia wakati wa likizo. Mwalimu au katekista anayetaka kuanza asitafute vifungu virefu. Sentensi nne hadi nane zinatosha, azitunge mwenyewe kutokana na tukio analolijua, na ahakikishe tarehe na namba zake ni za kweli, kwa kuwa watoto wataziuliza kwa wazee. Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi: jioni amwombe mtoto amsimulie kwa Kiswahili kile alichosoma. Mtoto akishindwa kusimulia, hakukielewa, hata kama alikisoma bila kukwama.

Kazi ya nyumbani baada ya kifungu cha Mgeta ilikuwa kumwuliza mtu aliyekuwapo mwaka 1970. Binti mmoja ambaye bibi yake ametoka huko alileta karatasi yenye sentensi sita za Kiingereza. Bibi alimwambia kwamba mvua ilianza mchana, kwamba hawakusikia mlima ukikatika kwa sababu ya kishindo cha mvua yenyewe, na kwamba asubuhi shamba la maharage la mama yake lilikuwa limehamia chini ya bonde, na mengine yakiwa bado yamesimama. Alikuwa ameandika "the beans were carried by the mountain." Nilimwuliza kipi kilibeba na kipi kilibebwa, akanionyesha kwa kidole. Jumamosi ijayo karatasi hiyo ndiyo kifungu chetu.